Munganga wa Nyembe

Mama Nkulu unayewajibu wengi,

Kuna mlio ambao hautoki masikioni mwangu, mlio wa wembe ukikwaruza bati. Mlio wa wembe juu ya kinoo ninaujua, na ule wa wembe juu ya mkanda wa ngozi ninaupenda, lakini huu ulikuwa kama jino linalosagwa, na aliyeutoa ni mtu ambaye, katika ukingo wote huu wa ziwa Mweru, ndiye anayejua kuliko wengine kwamba wembe na bati havikutani, na bado aliufanya mbele yetu sote, taratibu, mpaka akamaliza. Nakuandikia kwa sababu maneno aliyokuwa akiyafuta yalitoka kinywani mwangu, na kwa sababu kila ninayemwomba shauri hapa nyumbani ana upande wake tayari. Majina nimeyabadilisha.

Familia yetu ilivuka ziwa kuja Nchelenge, upande wa Zambia, wakati wa vita vya Katanga, nikiwa mdogo. Baadaye nilirudishwa Lubumbashi kusoma kwa masista, nikamaliza sekondari, na sasa ninakaa kwa baba mdogo Hippolyte, ambaye anauza samaki wakavu na ana ugonjwa mmoja tu, nyembe za kukunja. Wagiriki waliokuwa wakinunua samaki huku walipoondoka waliacha sanduku lenye nyembe za kila aina, zenye mipini ya pembe na ya mbao, pamoja na jiwe la manjano la kunolea, na tangu siku hiyo wanaume wenye ugonjwa kama wake hukusanyika kwenye barza yetu, mbele ya nyumba, kila Jumapili baada ya misa na ibada. Hawa si vinyozi, Mama. Hawamnyoi mtu kwa malipo, na wangeweza kununua viwembe vya dukani kama watu wengine na shida yao ikaisha. Wanapenda tu makali. Wanakaa, wanamwaga maji juu ya jiwe, wanasukuma chuma mbele na nyuma, halafu wanajaribu kwenye nywele za mkono, na ndipo matusi yanapoanza.

“Ackson, ile wembe yako haikate,” baba mdogo husema, “inaomba tu ruksa kwa ndevu!”

“Prezida, weye unanyoa na mudomo,” Ackson humjibu, na wote hucheka, na mimi niliyewaletea chai hurudi kukaa karibu na mlango na kitabu changu, nikijiona kwamba nasikiliza kuliko wote.

Kwa muda mrefu walikuwa na ubishi mmoja usioisha. Wote wanapenda kunoa, lakini wanaojua kweli ni wachache sana, wale ambao wakiachia unywele uanguke juu ya makali unakatika wenyewe hewani, na hawa wachache walitaka waitwe nini? Fundi ilikataliwa, kwa sababu katika barabara hii kila mtu ni fundi, wa baiskeli, wa paa, wa nyavu. Kinyozi ilikataliwa, kwa sababu kati ya kunoa na kunyoa kuna sauti ndogo tu lakini ni kazi mbili. Mtu mmoja akasema basi waitwe wanoaji, na baba mdogo akakasirika kabisa. “Munoaji ni ule anazunguka na majembe ya bamama! Mutu anashika wembe ya Mugiriki, unamwita munoaji?”

Sasa nifike kwa Sampa. Sampa ni karani katika ofisi ya samaki, ni Mbemba wa upande huu, ananizidi miaka michache, anaimba katika kanisa la Waprotestanti kwenye njia ya Kabuta, na Kiswahili chake ni kile cha biashara, kifupi na cha haraka. Si mnyenyekevu. Hucheka utani wake kabla hajaumaliza, na akisifiwa huinua kidevu kama anapigwa picha. Lakini mikono yake, Mama, inapolisukuma chuma juu ya jiwe, inakuwa mikono ya mtu mwingine. Baba mdogo alikuwa na wembe mmoja mzuri wenye pengo kwenye makali, kila mtu alisema umekufa, na Sampa akaomba akae nao nyumbani. Alipourudisha pengo halikuonekana. Akaniangalia kule mlangoni, mbele ya wote, akasema, “Madmazeli, naomba unywele moja, tafazali.” Nikaung'oa, nikampa, akauachia, ukaanguka juu ya wembe na ukawa vipande viwili bila sauti yoyote.

Nilitaka kusema jambo, na jambo lenyewe halikuwa la kusemwa kwenye barza yenye wanaume, kwa hiyo nikasema jingine. Nikasema, huyu si fundi, huyu ni munganga, ule wembe uliingia hospitali umebebwa na umetoka unatembea. Kicheko kikapasuka. Baba mdogo akapiga meza, vikombe vikaruka, “Njo ile! Munganga wa nyembe! Jina imepatikana!” Na Sampa akainua kidevu.

Unajua kwamba kwetu ng'ambo ya ziwa munganga ni daktari, mwenye koti jeupe na sindano, na mtu akiumwa tunasema aende kwa munganga na hakuna mwenye kuguna. Lakini upande huu, katika Kibemba, ng'anga ni yule mwingine tu, wa pembe na mizizi, anayechanja watu ngozi kwa wembe na kuwapaka dawa kwenye damu. Na mimi nilijua, Mama, hilo ndilo linaloniumiza, nimeishi hapa miaka, maneno yote mawili nilikuwa nayo kichwani, yamekaa kila moja katika chumba chake, na sikuwahi kufungua mlango wa katikati. Sampa naye ni Mbemba wa kuzaliwa, angesikia, lakini alilisikia jina kwenye barza yetu, kwa sauti yetu, na likamwingia kwa upande wetu.

Ackson, ambaye hupaka mitumbwi rangi, akamwandikia kwenye madigadi ya nyuma ya baiskeli yake, kwa herufi nyeupe kubwa, MUNGANGA WA NYEMBE. Ilikuwa zawadi yetu sote. Akaiendesha kama bwana harusi, mjini, kazini, mpaka Kabuta, mpaka mlangoni mwa kanisa lake.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Kabuta mwenye mtoto wa degedege. Alikuwa ameiona baiskeli ikipita. Akatembea na mtoto mgongoni, akaipita hospitali, akaenda kukaa mlangoni kwa Sampa akimsubiri atoke kazini amchanje mtoto. Sampa alipofika akawapakia wote wawili kwenye baiskeli hiyo hiyo na kukimbia nao hospitali. Mtoto alipona.

Lakini habari ilifika kanisani kabla yake. Mzee wao wa kanisa, Davison Kalaba, hakupiga kelele, alimwambia tu, “Ba Sampa, hatukuulizi kama unachanja watu. Tunakuuliza, kwa nini mama mwenye mtoto mgonjwa alipita hospitali akaja kwako?” Wakamweka benchi la nyuma, hali mkate wa Bwana, haimbi, mpaka atubu. Wakamwuliza nani alimpa jina lile. Akakataa kusema. Nimeyajua haya kwa dada yake, Febby, Sampa mwenyewe hakuniambia.

Jumapili iliyofuata alikuja kwetu akisukuma baiskeli. Hakusalimia. Akauchukua mezani ule wembe aliouponya, akapiga goti nyuma ya baiskeli, akaanza kukwangua herufi.

“Ba Sampa, acha ile!” baba mdogo akapiga kelele. “Ile wembe iko yangu!”

“Iko yako, Prezida. Na jina iko yenu. Narudisha yote mbili.”

Hakuna aliyemshika. Alipofika herufi ya mwisho makali yalikuwa kama meno ya msumeno. Akaukunja, akauweka mbele ya baba mdogo, na alipopita mlangoni alisimama. “Madmazeli, ile jina ilikuwa tamu,” akasema. “Njo maana inauma.”

Hajarudi. Na wale wa barza, badala ya kuhuzunika, wameligeuza kuwa kesi. Ackson anasema Wabemba wajifunze Kiswahili. Baba mdogo analishikilia jina kwa nguvu zaidi, ameshawapa wengine wawili cheo hicho. Febby alinikuta kisimani akaniambia mbele ya wanawake, “Si ni weye ulisoma? Si ni weye unajua kusema? Kwenda basi kasema!” Nami nataka kwenda, nisimame katika kanisa lao nieleze kwamba neno ni langu na maana yake ni daktari, lakini Kibemba changu ni cha sokoni, mimi ni Mkatoliki, ni mtu wa ng'ambo, na baba mdogo amenikataza. “Mwanamuke wa Bakatolika anaenda simama kanisa ya batu, juu ya mwanaume hajaleta hata kuku? Batasema njo weye ulimuloga!” Na ninaogopa kwamba anasema kweli. Nikinyamaza, Sampa anabaki benchi la nyuma kwa ajili ya kunificha mimi. Nikisema, labda namzamisha zaidi. Na hata hilo likiisha, wale wanaojua kunoa bado hawana jina, maana kila nikifungua kinywa sasa nalitazama neno pande zote mpaka linapoa. Nifanye nini, Mama?

Ni mimi, binti wa barza, Nchelenge


JIBU LA MAMA NKULU

Binti yangu, pole. Umempa mtu zawadi na ikamkata, na hakuna uchungu kama huo, kwa sababu hata wa kumlaumu huna. Sasa futa machozi nikuambie ukweli.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ina majuto mengi mazuri, yameandikwa vizuri, masista walikufundisha. Lakini mama wa Kabuta umempa mistari michache tu, na mtoto wake hukuniambia hata anaitwa nani. Wewe ambaye shida yako nzima ni majina! Unaona? Unamlilia Sampa, unajililia mwenyewe, na aliyekaribia kuzika mtoto kwa sababu ya herufi nyeupe kwenye madigadi umempita kama yeye alivyoipita hospitali. Kwa hiyo anza huko. Nenda Kabuta. Mwambie neno lilikuwa la mchezo na maana yake kwenu ni nyingine. Akikufokea, kaa ufokewe.

Pili, usisimame kanisani. Kanisa si lako, na kumtetea mtu mbele ya mkutano ambao haukukualika ni kujionyesha, hata kama moyo ni safi. Nenda nyumbani kwa huyo mzee, mchana, mke wake akiwepo, na Febby pembeni yako. Sema Kibemba hicho hicho cha sokoni. Kikivunjika ni vizuri, watasikia kwa masikio yao jinsi mtu anavyoweza kuwa na maneno mawili na kulishika lisilofaa. Eleza, halafu nyamaza. Usimwombee Sampa msamaha, maana hajakutuma. Baba yako mdogo mwambie kwamba unakwenda. Sikusema umwombe. Kumwambia ni heshima ya kutosha kwa mtu anayewagawia wengine jina lililomfukuza rafiki yake.

Huyo Sampa naye simwachi. Aliipanda baiskeli ile akicheka, na Kibemba ni lugha ya mama yake. Jina tamu lilimziba masikio. Alivyokuficha amefanya kiume, lakini amekufanya uwe siri, na siri ya msichana katika mji mdogo huoza haraka. Kwa hiyo mzee akikuuliza wewe ni nani kwake, jibu kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba hamjasemezana bado. Nakuomba sana hapa, usijipunguze ili yeye aonekane msafi. Mwanamke akishajifanya si kitu mbele ya watu, watu humwamini.

Na hao wenye makali, waitwe wanoaji. Ndiyo, lile lile lenye harufu ya jembe la mama zako. Mlilikataa kwa sababu ya majivuno, mkalichukua lenye koti jeupe. Kunoa mnasema nyinyi, kunola wanasema Wabemba, hakuna mama hata mmoja ukingoni huko atakayelisikia na kumbeba mtoto wake kwenda mahali pasipofaa. Mwenye kujua kuliko wote aitwe munoaji mukubwa, kama lazima ainue kidevu. Na kabla ya kumwandika mtu jina tena, mwulize mwenyewe kama atalibeba mpaka nyumbani kwao.

Nenda upesi.

Mama Nkulu


Jibu hili tulilituma kwa posta kabla ya kulichapa. Yafuatayo ndiyo aliyoyarudisha.

Mama Nkulu,

Mtoto anaitwa Mwewa. Nimemwandikia Febby aulize, baada ya kusoma jibu lako na kuona aibu. Barua yako ilizunguka, ikanikuta nimeshaamua na kutenda mwenyewe, na Kabuta sikuenda, na sasa siwezi kwenda.

Kwa Mzee Kalaba nilikwenda. Ilikuwa kama ulivyosema ingawa sikuwa nimekusoma bado, mchana, mke wake akimenya karanga, Febby kando yangu. Nilieleza. Katikati nilikosea neno moja la Kibemba vibaya kabisa, mke wa mzee akacheka mpaka karanga zikamwagika, na baada ya hapo nadhani walinisikia. Mzee akasema, “Kumbe ni ulimi tu.” Nikaona uso wa Febby unafunguka. Nikasimama niage.

Ndipo akaniuliza, kwa adabu, bila ubaya wowote, “Na wewe, mama, uko nani kwake?”

Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba jina la Sampa lilikuwa limepata wepesi dakika ile ile, na kwamba nikiweka juu yake mwanamke wa ng'ambo, Mkatoliki, mwenye kumpa majina, lingekuwa zito tena, na wangeanza upya kuuliza ni kitu gani hasa kilichomfunga. Febby alinitazama nijibu. Nikasema, “Mimi si mtu wake. Mimi ninawapikia chai tu.”

Mzee aliamini. Ulisema wataamini.

Sampa amerudi kuimba. Baba mdogo amenyamaza kuhusu jina, si kwa kukubali kosa, ila wale wawili aliowapa cheo hawakitaki tena, na Ackson anasema sasa wote ni wanoaji, hata yeye ambaye wembe wake haukati. Jumapili ile ile aliyopewa mkate, Sampa alikuja kwetu na shati jeupe akaniulizia mimi, hakumwulizia Prezida. Febby ameniandikia alivyosimama.

Hakunikuta. Niliyomwambia mzee yalikuwa uongo, na ningebaki Nchelenge kila mtu angeuona uongo huo usoni mwangu kabla ya mwezi kuisha, na wa kulipa angekuwa Sampa. Niliona njia moja tu ya kuyafanya yawe kweli, nayo ni kuondoka. Pweto, kule ng'ambo ya ziwa, walikuwa wanatafuta mwalimu wa darasa la pili. Nilikubali kazi hiyo kabla Sampa hajatolewa benchi la nyuma, nikapanda boti, na nimeshaanza kufundisha.